Jiwe Liitwalo Kenya

Baina ya Mirihi na Mushtari yamo mawe yasiyo idadi yalizungukayo jua. Mojawapo laitwa Kenya, nambari 1278, aliloligundua Cyril Jackson huko Johannesburg tarehe 15 Juni 1933. Wataalamu hulihesabu katika mawe ya mwamba. Upana wake ni kama kilomita 20, na mzunguko wake ni miaka 3 na miezi 9.

Yalijulikanaje haya, na hapana mkono uliopata kuligusa? Mtazame fundi wa Tabaka, Kisii, achongaye jiwe laini: huligeuza mwangani apate kuona penye mwinuko na penye bonde. Jiwe la angani hujigeuza lenyewe, na wenye darubini huupima mwanga wake ukizidi na kupungua, usiku baada ya usiku. Ndivyo walivyojua kuwa hujizungusha kwa saa 188, karibu siku 8, tena likipepesuka kama pia iliyochoka.

Nasi tungali twamlipa mpiga falaki atusomee nyota zetu! Yeye amepima nini? Dhana si elimu. Elimu ni kutazama, kupima na kusubiri.