Niko Hapa, Uko Wapi?

Katika somo la familia mwezi huu tuwaangalie bata bukini wa porini, wale wa rangi ya kijivu wanaoishi Ulaya na Asia. Wengi wao huhama kila mwaka. Baridi ikikaribia huenda kwenye joto, baridi ikiisha hurudi kutaga. Na safarini baba, mama na watoto huwa pamoja.

Wanawezaje kutopoteana katika kundi kubwa? Kwa sauti. Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, aliishi na ndege hawa miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1988 juu yao alikipa jina lenye maana hii: Niko hapa, wewe uko wapi? Ndivyo alivyoielewa ile sauti yao ndogo ya kila saa. Wakiwa wanakula majani, mmoja huita na mwingine huitika, hata kama wanaonana.

Mazungumzo huanza ndani ya yai. Mama huatamia siku 28 hivi, baba akilinda karibu. Kabla ganda halijapasuka, kifaranga hulia na mama humjibu. Wakishatoka, haipiti siku mbili wanatembea na kujitafutia majani wenyewe. Wazazi hawawalishi mdomoni. Wao hulinda, huongoza, usiku mama huwafunika kwa mbawa, na wakiitwa hujibu.

Lorenz alilijua hilo kwa taabu. Kifaranga mmoja, aliyempa jina Martina, alipototolewa alimwona yeye kwanza, akamshika kuwa mama. Usiku alimlaza karibu na kitanda chake. Kila baada ya muda kifaranga alilia, na huyo bwana msomi ikambidi aitike kibata, ndipo kilale. Sisi tuliotembea usiku na watoto mgongoni tunakijua kilio hicho. Umechoka, huna hata maji ya kumpa, lakini unaitika.

Tena kuna hili. Wakati wa kulea, manyoya makubwa ya mbawa za wazazi hupukutika, na kwa muda wa mwezi hivi hawawezi kuruka. Hubaki chini pamoja na watoto ambao nao hawajajua kuruka. Baadaye wote huruka pamoja, na watoto huifuata njia wanayoijua wazazi.

Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Mmoja akipotea, aliyebaki humtafuta usiku na mchana, akipita kila mahali walipozoea kukaa, akiita kwa sauti kubwa ya mbali. Lorenz aliona kwamba mjane huyo huishiwa ujasiri, hata walio wadogo na wanyonge kundini humkimbiza.

Kwa mazungumzo nyumbani: Katika safari yetu, nani alikuwa akiita, na nani aliitika? Penye familia ambayo mtu wao hajulikani alipo, swali hili liulizwe taratibu, na asiyetaka kujibu aachwe.