Picha Nayo ni Shahidi

Katika darasa yetu iliyopita ndugu mmoja aliuliza: "Ikiwa kamera imekwisha kumwona mwizi, askari wapeleleza nini tena? Kamera haisemi uwongo." Suali hili yafaa lijibiwe, kwani leo yeyote katika sisi, au mwanawe, aweza kusimamishwa mbele ya hakimu kwa picha ya dakika moja.

Jua, ewe msomaji, ya kuwa makadhi wa zamani hawakuwa wakipokea neno la shahidi kwa kuwa amesema tu. Walitafuta kwanza habari zake: ni mwadilifu au si mwadilifu? Kazi hiyo huitwa tazkiya. Picha ya video nayo ni shahidi, na askari mpelelezi ndiye wa kuitafutia tazkiya kabla kesi haijasikizwa.

Mambo ya kutazamwa ni manne. La kwanza ni kuiwahi, kwani mitambo mingi ya kamera hufuta picha za kale yenyewe baada ya siku au wiki chache. Na iliyofutika huenda ndiyo ingalimwokoa asiye na makosa. La pili ni kuitazama yote, mwanzo hata mwisho. Ikiwa mwanzo umekatwa, kofi laonekana, na kisu kilichotangulia hakionekani. La tatu ni kuhakikisha saa ya kamera. Ikiwa mbele kwa nusu saa, aliyepita mapema ataonekana alipita wakati wa kosa. La nne ni kuilinda isiguswe, na kuandika imetoka mkono gani kwenda mkono gani.

Haya si maoni yangu tu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, yataka hati ya kueleza jinsi ushahidi wa namna hii ulivyotolewa katika chombo. Kifungu cha 78A, kilichotiwa mwaka 2014, chamtaka hakimu aangalie kama umehifadhiwa kwa njia ya kuaminika. Na Katiba ya 2010, ibara ya 50, yampa mshitakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa juu yake, na kuufikia. Basi picha si mali ya askari peke yao.

Tazama yaliyotokea Chicago, Marekani. Tarehe 20 Oktoba 2014 askari Jason Van Dyke alimpiga Laquan McDonald, kijana wa miaka 17, risasi 16. Ripoti za askari zilisema kijana aliwaelekea na kisu. Kamera ya gari lao ilionyesha akienda kando, akijitenga nao. Picha hiyo haikutolewa kwa watu mpaka Novemba 2015, kwa amri ya mahakama. Siku ile ile Van Dyke alishitakiwa kwa kuua, na mwaka 2018 akapatikana na hatia. Shahidi alikuwapo tangu usiku ule. Aliyekosekana ni wa kumwita asimame aseme.

Jawabu, basi, ndugu yangu, ni hii: kamera haisemi uwongo, lakini haisemi neno mpaka mtu aitazame, na mtu aweza kukosea, au kuficha. Ukishitakiwa wewe au jamaa yako, mwambie wakili aitake picha yote, na aitake mapema. Na mwenye duka lenye kamera, likitokea jambo mlangoni pake, aihifadhi picha siku hiyo hiyo. Huenda roho ya mtu imo ndani yake.