MAWE YANAPOTOA USHAHIDI: JE, MABARA YALIWAHI KUWA NCHI MOJA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Katika somo la elimu ya Hadithi tunafundishwa kwamba khabari ya mutawatir ni ile iliyopokelewa na watu wengi katika kila tabaka, watu ambao kwa kawaida haiwezekani wakapatana juu ya uongo. Nguvu yake haitokani na wingi peke yake. Inatokana pia na kwamba wasimulizi hao hawakuwa na njia ya kukaa pamoja na kupanga maneno. Leo tutatumia mfano wa kipimo hicho katika elimu ya ardhi. Mawe hayana isnadi, lakini nayo hutoa khabari, na baadhi ya mashahidi wenyewe wako hapa hapa kwetu mkoani Ruvuma.

1. DAI LENYEWE

Mwezi Januari 1912, mtaalamu wa hali ya hewa wa Kijerumani aitwaye Alfred Wegener alitoa hotuba mjini Frankfurt. Alidai kwamba Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika zilikuwa nchi moja hapo kale, kisha zikatengana na kuhama. Mwaka 1915 aliandika kitabu juu ya jambo hilo. Wanajiolojia wengi wa zama zake walilikataa dai hilo.

2. MASHAHIDI WASIOFAHAMIANA

Shahidi wa kwanza ni pwani. Tazama ramani ya dunia: pwani ya Brazili na pwani ya Afrika Magharibi zinaoana. Lakini huyu peke yake ni shahidi dhaifu, kwa sababu vitu viwili vinaweza kufanana kwa bahati tu. Chukua mfano wa mkeka uliochanika. Kingo za vipande viwili zikioana, bado unaweza kutia shaka. Lakini ukiona na ukili wa rangi unatoka kipande kimoja na kuendelea katika cha pili, shaka hupungua sana. Basi, je, "ukili" wa mawe unaendelea ng'ambo ya bahari?

Shahidi wa pili ni mimea. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamo katika miamba iitwayo Karoo, na tabaka za miamba hiyo zinaonekana pia katika bonde la Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani baina ya Manda na Lituhi. Makaa hayo yalikuwa mimea ya mabwawani, ikafukiwa na kukandamizwa kwa muda mrefu sana. Katika miamba ya zama hizo hupatikana alama za majani ya mmea uitwao Glossopteris, wenye majani yenye umbo la ulimi. Majani hayo hayo yamepatikana Afrika Kusini, India, Australia, Amerika ya Kusini, na hata Antaktika ambako leo ni barafu tupu.

Shahidi wa tatu ni wanyama. Katika miaka ya 1930 wataalamu walianza kukusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, katika bonde la Ruhuhu. Miongoni mwa wanyama wa bonde hilo ni Endothiodon, mla majani wa nchi kavu aliyekwisha kutoweka. Mifupa ya jamii yake imepatikana pia India na Brazili. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuogelea bahari kuu. Ama alivuka kwa miguu, au nchi zenyewe zilikuwa zimeungana.

Shahidi wa nne ni barafu. Barafu nzito ikiteleza juu ya mwamba huacha michirizi, kama msasa unavyoacha alama juu ya ubao. Michirizi na mawe ya namna hiyo, ya zama zinazokaribiana, ipo Afrika Kusini, India, Australia na Amerika ya Kusini. Mahali pengine michirizi inaonyesha kuwa barafu ilitokea upande ambao leo ni bahari. Barafu ya nchi kavu haianzii baharini. Lakini ukiziunganisha nchi hizo karibu na Ncha ya Kusini, fumbo linafumbuka.

Sasa pima. Jani la Mbinga, mfupa wa India na mchirizi wa Australia havikukaa kikao kupatana. Hata hivyo vyote vinasema neno moja.

3. KWA NINI WEGENER ALIKATALIWA

Tusidhani kwamba waliomkataa wote walikuwa wakaidi. Walimwuliza swali la haki: ni nguvu gani inayoweza kusukuma bara zima? Wegener alitaja nguvu za mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Wanahisabati walikokotoa, wakaona nguvu hizo ni ndogo mno. Katika hilo walikuwa sahihi.

Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Kutojua jambo limetokeaje si hoja ya kwamba halikutokea. Ukikuta mtumbwi uliouacha Mbamba Bay uko Liuli, na mashahidi kumi wamethibitisha kuwa ni wako, hutasema si wako kwa sababu tu hujui nani aliyeupiga makasia.

Wegener alifariki Greenland mwaka 1930, kabla ya dai lake kukubaliwa. Lakini Mwingereza Arthur Holmes, aliyepata kufanya kazi Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana, alikwisha kupendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba joto la ndani ya dunia hufanya miamba ya chini ijongee polepole sana. Miamba ya moto hupanda na iliyopoa hushuka, kama maji yanavyozunguka katika sufuria iliyo motoni.

4. SHAHIDI ALIYETOKA BAHARINI

Baada ya Vita Kuu ya Pili bahari zilipimwa kwa vyombo vipya. Ikaonekana kwamba katikati ya Bahari ya Atlantiki kuna safu ndefu ya milima iliyozama, na kati yake mna ufa. Mwaka 1962 Mmarekani Harry Hess alieleza kuwa sakafu mpya ya bahari huzaliwa katika ufa huo, kisha husogea pande mbili.

Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha namna ya kulithibitisha jambo hilo. Mwamba ulioyeyuka unapopoa hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule, na usumaku huo umegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Basi sakafu ya bahari ina mistari ya usumaku, na mistari ya upande mmoja wa ufa inalingana na ya upande wa pili. Hapo ndipo ilipozaliwa, katika miaka ya 1960, nadharia ya mabamba: ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa na madogo, nayo yanakwenda.

Mwendo wake ni sentimita chache kwa mwaka, karibu na mwendo wa ukucha unavyokua. Bamba likienda sentimita 2 kwa mwaka, katika miaka 100 litakuwa limekwenda mita 2. Katika miaka milioni 100 ni kilometa 2,000.

5. ZIWA LETU NI UKURASA ULIO WAZI

Jambo hili halikwisha zamani. Ziwa Nyasa limo ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inavutwa pande mbili na kati yake inadidimia. Milima ya Livingstone inayosimama kama ukuta upande wa Ludewa ni ukingo wa ufa huo. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake kinafika kama mita 700.

Wataalamu wanaopima kwa satelaiti wanasema upande wa magharibi wa ziwa ni bamba la Nubia, na upande wetu ni bamba dogo waliloliita Rovuma, kwa jina la mto wetu. Yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Lakini mwamba ukivutwa muda mrefu hukatika ghafla, na hilo ndilo tetemeko. Desemba 2009 matetemeko yaliipiga Karonga, ng'ambo ya ziwa nchini Malawi. Watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Kwa hiyo elimu hii ina faida ya hapa hapa. Nyumba ijengwe kwa msingi na kuta imara. Ardhi ikitikisika nawe uko ndani, jikinge chini ya meza imara, mbali na madirisha. Ukiwa nje, kaa mahali pa wazi.

6. MAFUNZO KWETU

Baadhi ya wazazi huuliza: mtoto wa madrasa ana haja gani na mawe? Jibu ni kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ghaashiya, inatuelekeza tuitazame milima na ardhi. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitazama mawe ya mito ya India. Akaona ni makubwa karibu na milima na madogo kadiri unavyokwenda mbali, akahitimisha kuwa bonde lile lilikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito.

Pamoja na hayo, tuwe na adabu. Baadhi yetu wana haraka ya kubandika kila ugunduzi juu ya Aya. Nadharia za wanadamu hurekebishwa; Maneno ya Mwenyezi Mungu hayarekebishwi. Anayefunga Aya kwenye nadharia, kesho nadharia ikibadilika atakuwa amewatia watu shaka bila sababu. Tutazame, tupime mashahidi, tukubali kilichothibiti, na lile tusilolijua tuseme Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuoana kwa pwani peke yake si ushahidi wa kutosha?
2. Taja mashahidi wawili wanaopatikana katika miamba ya Karoo ya Ruhuhu na pia katika nchi za mbali.
3. Wapinzani wa Wegener walikuwa sahihi katika jambo gani, na walikosea wapi?
4. Kwa kutumia tarakimu zilizotajwa, kokotoa: sehemu yenye kina kikubwa zaidi ya Ziwa Nyasa iko mita ngapi chini ya usawa wa bahari?

Wabillahi tawfiq.