Fundisho juu ya Michezo: Mshindi na Mshinde Wote ni Watu



Katika fundisho hili tutasema habari za mwili na michezo. Labda mmoja wenu atauliza: Je, michezo ni neno la kufundishwa? Si mambo ya watoto tu? Tunamjibu: La, sivyo. Mwenyezi Mungu alimwumba mtu mwenye roho na mwili. Basi anayefundishwa habari za roho hana budi kujua pia namna ya kuutumia mwili wake kwa akili, na namna ya kuuheshimu mwili wa mwenzake. Tutatazama kwanza faida ya michezo. Kisha tutasimulia habari za wachezaji watatu wa nchi yetu. Mwisho tutaona mafundisho yatokayo katika habari zao.

I. Mwili wataka kazi, wataka na mchezo

Tazameni vijana wa kijiji wakati wa jioni, jua linapopunguza ukali wake. Wamekusanya majani makavu ya mgomba, wameyafunga kwa kamba mpaka yamekuwa mviringo, na huo ndio mpira wao. Viatu hawana. Vijiti viwili vilivyosimikwa ndivyo lango. Kati yao yumo kijana aliyelima tangu alfajiri, akarudi nyumbani akisema mgongo wamwuma. Lakini sasa anakimbia kana kwamba hakushika jembe. Kwa nini? Kwa sababu kazi twaifanya kwa lazima, na mchezo twaufanya kwa hiari. Kazi ya shamba huuinamisha mgongo namna ile ile siku zote; mchezo hunyosha viungo vyote, na moyo nao hufurahi.

Mtu akimbiapo, moyo wake hupiga upesi ili kusukuma damu, mapafu huvuta hewa nyingi, na jasho hutoka ili kuupoza mwili. Siku za kwanza huona kifua kinambana na miguu imekuwa mizito. Lakini akirudia kwa kiasi, leo kidogo, kesho kidogo zaidi, moyo na misuli hupata nguvu. Tena nguvu hizo haziji kwa kukimbia tu: misuli hujijenga mtu anapopumzika, anapolala na anapokula chakula cha kutosha. Ndiyo maana anayejilazimisha kila siku bila kupumzika hazidi nguvu, bali huzipoteza. Na anayetoka jasho jingi sharti anywe maji safi.

Waganga wa Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hata 17 wautumikishe mwili kwa bidii dakika 60 kila siku. Mtu wa kijiji aweza kucheka, akisema: Sisi twatembea saa nzima kwenda kisimani! Ni kweli. Kwenda mashambani, kutwanga, kukata kuni, kupiga makasia ziwani, hayo yote huupa mwili nguvu. Lakini angalieni neno moja. Katika nyumba nyingi mvulana hurudi toka shuleni akaenda kiwanjani, na dada yake hutumwa maji, halafu kuni, halafu kusaga unga. Yule msichana anautumikisha mwili wake kuliko kaka yake, lakini hana saa hata moja ya kucheza. Mizigo anayo, mchezo hana. Naye pia ana viungo vinavyotaka kunyoshwa na moyo unaotaka furaha. Ule mchezo wa wasichana wa kuruka, kuimba na kupiga makofi, unaoitwa nzango, siku hizi una sheria zake na mashindano yake. Basi asiwepo mzazi wa kusema kwamba mchezo si wa wasichana.

II. Michezo ya mashindano katika nchi yetu

Mpira wa miguu ulienea katika Kongo kwa njia nyingi, na shule za misioni zilikuwa mojawapo. Mjini Léopoldville, unaoitwa leo Kinshasa, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, aliwajengea vijana viwanja vya michezo. Kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1952 chaitwa leo kwa jina lake. Mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, watawa Wabenediktini wa shule ya Mtakatifu Bonifasi walianzisha mwaka 1939 chama cha mpira, wakakiweka chini ya jina la Mtakatifu Georgi. Chama hicho kilibadili jina mara kadhaa, na leo ulimwengu wakijua kwa jina la TP Mazembe. Kilitwaa kombe la vyama vya Afrika mwaka 1967 na 1968, tena mwaka 2009, 2010 na 2015.

Hivyo mchezo wa vijana wa shule ukawa fahari ya nchi nzima. Lakini fahari ina hatari yake. Watazamaji wakishangilia sana miguu ya mtu, hufika saa wakasahau kwamba juu ya miguu hiyo pana mtu. Habari zifuatazo zatuonyesha jambo hilo.

III. Habari ya Ndaye Mulamba

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 mjini Luluabourg, unaoitwa leo Kananga. Mwaka 1974, nchi yetu ilipoitwa Zaire, alikwenda Misri pamoja na kikosi cha taifa kushindania Kombe la Afrika. Katika mchezo wa mwisho walipambana na Zambia, wakamaliza mabao 2 kwa 2. Ikawa lazima kurudia baada ya siku mbili, na Zaire wakashinda mabao 2 kwa 0. Mabao hayo yote manne ya Zaire aliyaingiza Ndaye peke yake. Katika mashindano yote aliingiza mabao 9, wala mtu mwingine hajapata kufikia hesabu hiyo katika Kombe la Afrika moja.

Mwaka ule ule wa 1974 kikosi kilikwenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Kilikuwa kikosi cha kwanza cha nchi ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Walishindwa na Uskoti mabao 2 kwa 0. Kisha wachezaji wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata. Walikasirika, wakataka kukataa kucheza, lakini mwishowe waliingia kiwanjani kupambana na Yugoslavia. Waliingia na miili, mioyo haikuwamo. Walifungwa mabao 9 kwa 0. Katikati ya fujo ya mchezo huo mchezaji mmoja alimpiga mwamuzi teke, na mwamuzi, asijue ni nani, akamfukuza Ndaye ambaye hakuwa na kosa.

Miaka ikapita, miguu ikazeeka. Mwaka 1994 wakuu wa mpira wa Afrika walimwita Ndaye Tunisia ili kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakimdhania kuwa tajiri, wakampiga risasi mguuni. Mguu ule ulioshangiliwa na maelfu ndio uliojeruhiwa. Mwaka 1996, wakati wa vita, alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi Cape Town katika umaskini. Mwaka 1998, katika mashindano ya Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, maana ilisemekana amekufa. Kumbe alikuwa hai! Wakati walipomwombolezea, yeye alikuwa akitafuta chakula katika nchi ya ugeni. Alikufa Johannesburg mwezi wa Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Fikirini neno hili: watu walijua kumlilia mfu, lakini hawakujua mzima yuko wapi.

IV. Habari ya Mwepu na habari ya Kidiaba

Mwepu Ilunga alikuwa mlinzi, mchezaji wa chama kile cha Lubumbashi. Ndiye aliyempiga mwamuzi teke katika mchezo wa Yugoslavia. Siku chache baadaye walicheza na Brazili. Wabrazili walipewa nafasi ya kupiga mpira ulio chini. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka mbio katika mstari wa wenzake akaupiga mpira ule mbali sana. Watazamaji walicheka. Kwa miaka mingi picha ile ilionyeshwa katika nchi nyingi, na watu walisema: Tazameni Waafrika hawa, hawajui hata sheria za mpira!

Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza. Alisema kwamba sheria alizijua vema. Alifanya vile makusudi kwa sababu ya uchungu, akitaka atolewe: wao walikuwa wakiumia kiwanjani, na faida ilikuwa ya wale walioketi wakitazama. Wachezaji walisimulia pia kwamba walikuwa wametishwa wasifungwe na Wabrazili zaidi ya mabao 3. Mchezo ulikwisha mabao 3 kwa 0. Kumpiga mwamuzi kulikuwa kosa, wala hatulisifu. Lakini wale waliocheka hawakuona jambo lililo kweli. Walimwona mjinga, kumbe aliyekuwa mbele yao ni mtu aliyejawa na hofu na hasira.

Sasa tutazame furaha. Mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe waliwashinda Internacional wa Brazili mabao 2 kwa 0, wakawa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kuingia mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la vyama. Mlinda lango wao, Robert Kidiaba, alizoea kushangilia mabao kwa kuketi chini na kurukaruka hali ameketi, kama mtoto mchangani. Watu wa nchi nyingi walicheka, lakini safari hii walicheka pamoja naye. Katika mchezo wa mwisho Mazembe walishindwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0. Je, furaha ya kwanza ilifutika? Hapana. Aliyecheza kwa moyo wote amekwisha pata fungu lake, hata akishindwa.

V. Mafundisho

Kwanza, kwa mchezaji. Nguvu za mwili ni zawadi ya muda. Karibu na mji wa Korinto, ambako Mtakatifu Paulo alihubiri, yalifanyika mashindano makubwa kila miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo aliutumia mfano huo katika barua yake kwa Wakorinto: wakimbiaji hujinyima mengi kwa ajili ya taji litakalonyauka. Basi cheza, tena cheza vizuri. Lakini jifunze pia kusoma, kulima au kazi ya mikono. Siku miguu itakapochoka, uwe na kitu cha kushika.

Pili, kwa watazamaji. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayemtukana aliyekosa lango amesahau kwamba yeye mwenyewe amekaa chini ya mti. Kabla ya kucheka, uliza: Mtu huyu amekula? Amelala? Ana uchungu gani?

Tatu, kwa wakubwa. Ahadi ni deni. Anayepata faida katika jasho la mtu, kisha akamnyima haki yake, ametenda dhambi, hata kama jasho lile lilitoka kiwanjani na si shambani.

Nne, kwa kijiji kizima. Kijana akivunjika mguu siku ya kushindana na kijiji jirani, wengi humbeba juu ya mabega mpaka mlangoni kwake. Ni vema. Lakini kesho yake asubuhi ni nani atakayelima shamba lake? Ni nani atakayemletea mama yake kuni? Hapo ndipo itakapojulikana kama walimpenda mtu au walipenda mabao.

VI. Maulizo na majibu

1. Kwa nini mchezo unafaa hata kwa mtu anayefanya kazi ngumu?
Kwa sababu hunyosha viungo vyote, tena hufanywa kwa hiari na kuufurahisha moyo.

2. Nguvu za mwili hupatikana namna gani?
Kwa mazoezi ya kiasi, kwa chakula, na kwa kupumzika.

3. Je, mchezo ni wa wavulana tu?
Hapana. Wasichana nao wana mwili na moyo. Yafaa wazazi wawaachie saa ya kucheza.

4. Ndaye Mulamba aliingiza mabao mangapi katika Kombe la Afrika la mwaka 1974?
Mabao 9.

5. Habari yake yatufundisha nini?
Yatufundisha kumkumbuka mtu angali hai, wala tusingoje afe ndipo tumpe heshima.

6. Kwa nini si haki kumcheka Mwepu?
Kwa sababu waliocheka hawakujua hofu na uchungu aliokuwa nao.

7. Mshindi na mshinde wana nini sawasawa?
Wote wawili ni watu, wameumbwa na Mungu mmoja, na wote wawili wametoa jasho.

Zoezi la juma hili

Fikirini kama kijijini kwenu yuko mzee aliyesifiwa zamani kwa mbio, kwa ngoma, kwa kupiga makasia au kwa mpira, na sasa hakuna anayemtazama. Mwendeeni wawili wawili. Mchoteeni maji. Kisha mketi chini, mwombeni awasimulie namna alivyocheza.