Andika Nia Yako, Kisha Waulize Wenzako

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi, mvuvi wa dagaa hapa ziwani hatoki jioni na karabai zake bila kujua anafuata nini na atarudi mwalo gani. Ikiwa safari ya dagaa ina mpango, vipi safari ya Akhera?

1. NIA IANDIKWE
Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali huzingatiwa kwa nia. Mahali pa nia ni moyoni, na kuiandika si sharti la dini. Tunaandika ili tusisahau. Kwa mfano: "Ninasoma ili nimjue Mola wangu, niwatendee wema wazazi wangu, na niwe mkweli hata sokoni." Inatosha.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Al-Islah maana yake ni kutengeneza yaliyoharibika. Jina la gazeti lilikuwa ndilo kusudio lake, na kila msomaji aliweza kumpima kwalo.

2. WENZAKO WAULIZWE
Sayyidna Abubakar (R.A.) alipopewa ukhalifa mwaka 632, aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Kama yeye aliomba kunyooshwa, sisi ni nani? Mtume (S.A.W.) amemfananisha Muumini na kioo cha nduguye, na hakuna aonaye uso wake bila kioo.

3. YALIYOTUPATA SISI
Sisi pia tulikuwa na nia iliyoandikwa: kumshika mkono mwanafunzi dhaifu kabla ya hodari. Muhula mmoja tuliwaomba wanafunzi waandike, bila majina, jambo moja tunalolikosea. Tulitarajia sifa. Karatasi nyingi zilisema tunamtahayarisha mbele ya wenzake anayekosea kusoma. Moja ilisema: "Ndiyo maana rafiki yangu haji tena."

Tuliumia. Sisi tulikuwa tukisema kijana yule ni mvivu. Tulikwenda kwao, tukamwomba radhi yeye na wazazi wake. Alitusamehe na akarudi, lakini juzuu aliyokuwa anaihifadhi ilikuwa imechelewa miezi mitatu kwa sababu yetu. Nia tulikuwa nayo daftarini. Kosa hatukuliona mpaka tulipouliza.

4. ADABU ZA KUULIZA NA KUJIBU
(a) Muulize mkweli anayekutakia kheri, si yule anayekusifu tu.
(b) Akisema, nyamaza usikilize. Usijitetee.
(c) Mshukuru, hata kama maneno ni machungu.
(d) Rekebisha jambo moja kwanza.
(e) Wewe unayenasihi, nasihi faraghani. Nasaha ya hadharani huwa fedheha.

KAZI YA NYUMBANI
Andika nia yako kwa sentensi moja. Kila Alhamisi usiku jihesabu nafsi yako. Mwisho wa mwezi muulize mzazi, rafiki na mwalimu: "Nimekosea wapi?" Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu swali hilo hilo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuziona aibu zetu kabla ya za wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.