Tikisa Chupa: Somo la Mnato



Wanangu wa Riyadh na Jeddah, wengi wenu ndio mnaomsomea bibi maandishi ya Kiarabu kwenye chupa ya dawa. Mkifika penye "rujja jayyidan", mwambieni: tikisa vizuri. Mkiliruka, mdogo wenu huenda akanywa dozi hafifu siku za mwanzo, na chupa ikikaribia kwisha akanywa kali kuliko alivyoandikiwa.

Dawa nyingi za maji za watoto, kama amoksilini, haziyeyuki zote. Ni chembe ndogo ndani ya kimiminika kizito. Nimesema "kizito" kwa mazoea tu. Neno la darasani ni mnato, ile hali inayoifanya asali ichuruzike polepole. Mafuta ya kupikia yana mnato kuliko maji, lakini ni mepesi, ndiyo maana huelea.

Katika mnato chembe huzama taratibu, mpaka chini pakawa na mashapo. Mwaka 1851 George Stokes, mwanasayansi aliyezaliwa Ayalandi, alionyesha kwamba chembe yenye upana nusu ya mwenzake huzama kwa robo tu ya mwendo wake.

Sasa viputo. Ukitikisa chupa, hewa huingia. Kiputo kidogo kikipanda katika kimiminika safi, uso wake huteleza pamoja na kimiminika kinachokipita. Lakini ndani ya dawa nyingi, kama ndani ya maji ya sabuni, mna vitu vinavyokimbilia kwenye uso huo na kuufunika kwa utando. Hapo kiputo hukwama kama punje ngumu, na mwendo wake unaweza kushuka hadi theluthi mbili. Kikifika juu pia hakipasuki upesi. Vikikusanyika, ndilo povu. Mzazi akivuta povu kwenye bomba la kupimia, sehemu ya alichopima ni hewa, na mtoto amepunjwa.

Kwa hiyo tikisa, ngoja kidogo povu litulie, ndipo upime. Usiogope, chembe hazitawahi kutuama kwa muda mfupi hivyo.

Kazi ya nyumbani: chukueni chupa mbili za maji, moja mtie tone la sabuni. Tikiseni zote, hesabuni mpaka ishirini, mtazame. Andikeni sentensi tatu zenye mnato, utando na kiputo. Dawa yenyewe waachieni wakubwa.