Ahimaasi Alikimbia Bila Habari

Somo: 2 Samweli 18:19–32

Jumapili tulimwona Ahimaasi akimbembeleza Yoabu amwachie akimbie, na huku Mkushi ameshatumwa. Mbio alikuwa nazo kweli, maana alimpita Mkushi njiani. Lakini mfalme alipomuuliza habari za Absalomu, akajibu kwamba aliona ghasia tu, hakujua ni nini. Akaambiwa asimame kando.

Huyo Ahimaasi ni mimi. Wakati wa mafuriko ya 2024 niliingiziwa sauti kwa WhatsApp usiku: mabwawa ya juu yamefunguliwa, watu wa Kau wahame kabla ya alfajiri. Sikuuliza kitu. Nikaifowadi kwa grupu la vijana, la akina mama, na la ukoo. Mama mmoja mjane akapakia watoto kwenye mtumbwi gizani. Mungu akawavusha. Asubuhi akaniuliza, "Pasta, nani alisema?" Kumbe ile sauti ilikuwa ya mafuriko ya 2023. Siku chache baadaye tangazo la kweli likaja, naye akaniambia, "Hata hii si ni ya zamani?" Ilibidi niende kwake mwenyewe kumsihi ahame.

Angalieni vile simu inafanya. Ukifowadi, jina la aliyesema kwanza linabaki nyuma, anayepokea anaona lako. Mama yule hakusikia mtu asiyemjua, alisikia pasta. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa hivyo kwenda zaidi ya grupu moja kwa mpigo. Mimi nilirudia mara tatu. Chuoni nilisomea biashara, na siwezi kulipa risiti isiyo na jina la muuzaji, lakini hiyo sauti niliipokea tu.

Hapa Delta tangu Riketa, Agosti 2012, mtu akisikia "wanakuja usiku huu" halali, awe Mpokomo au Muorma. Na neno hilo halina gharama ila bando kidogo.

Kwa hivyo grupu la kanisa tumekubaliana: ujumbe wenye mishale miwili haupiti mpaka aliyeuleta aseme nani alisema, wapi, lini. Hata ukitoka kwangu. Kama ni habari ya maji, apigiwe chifu kwanza.

Alhamisi kwenye ibada za nyumbani someni tena mstari wa 29, halafu kila mtu afungue simu yake, atafute ujumbe wa mwisho aliofowadi, aambie wenzake ulitoka kwa nani.